Jinsi ya kuuliza mapato na matumizi ya kijiji chako mpaka upate jibu

Nalima mahindi na alizeti wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kwa miaka sita nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kikundini mama akiuliza elfu mbili imekwenda wapi, sanduku linafunguliwa kwa funguo tatu mbele ya wote, tunahesabu. Mama huyohuyo akifika kwenye mkutano wa kijiji anakaa nyuma kabisa, anasomewa mamilioni, anapiga makofi, anawahi nyumbani kusonga ugali. Hata mimi nilikuwa hivyo kwa miaka mingi, na inaniuma nikikumbuka.

Anza kwa kujua kwamba mkutano ni wako. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na ndio wenye kauli ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji, yaani wale wajumbe 15 hadi 25, inafanya kazi kwa niaba yetu. Mkutano unatakiwa uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo usingoje kusikia tangazo la kipaza sauti. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, msalimie vizuri, muulize tarehe, na mwambie mapema kwamba ungependa taarifa ya mapato na matumizi iwe kwenye ajenda. Ukiuliza kwenye mengineyo, jua limeshazama na nusu ya watu wameshaondoka.

Kazi kubwa iko nyumbani, kabla ya mkutano. Nunua kauntabuku moja. Piga mistari minne: tarehe, nimelipa nini, nani amepokea, namba ya stakabadhi. Kila mchango andika. Usipopewa stakabadhi, usitoe hela, hata kama anayekusanya ni shemeji yako. Wauza mazao nao watunze karatasi za mashine ya ushuru. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri ya wilaya moja kwenda nyingine hadaiwi. Nimeona wakulima wakitozwa ushuru kwa magunia manne tu njiani kuelekea sokoni kwa sababu hawakulijua hilo.

Halafu fanya hesabu moja tu, ila uifanye vizuri. Nitaeleza yetu. Tulikubaliana kila kaya itoe 10,000 ya kuezeka darasa. Kaya ni 214, kwa hiyo nilitegemea 2,140,000. Mkutanoni ikasomwa 1,480,000. Nikanyoosha mkono, nikasalimia kwa Kigogo, nikasema, “Mbukwenyi ndugu zangu. Ndugu Mwenyekiti, naomba kufahamishwa, kaya zilizolipa ni ngapi?” Nikajibiwa wengine hawajalipa. Jibu hilo lingeweza kuwa kweli kabisa, ndiyo maana sikuketi. Nikaomba majina ya waliolipa yasomwe kitongoji kwa kitongoji, na kila mwenye stakabadhi anyooshe. Ilichukua karibu saa nzima pale chini ya mbuyu, jua kali, wazee wananung'unika. Stakabadhi zilizonyooshwa zilikuwa 171. Zilizoingizwa kwenye daftari la fedha ni 148. Kitabu kimoja cha stakabadhi, chenye watu 23, kilikuwa bado kwa mkusanyaji wa kitongoji kimoja pamoja na hela yake, 230,000. Ililetwa ndani ya wiki mbili, na mabati yakanunuliwa.

Angalia nilivyouliza. Sikumwita mtu mwizi, maana ukitamka neno hilo ugomvi unaanza na hesabu inakufa. Niliuliza idadi, na idadi inahesabika. Ukishajibiwa, omba swali lako na jibu lake viandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata muhtasari usomwe kabla ya lolote. Mwaliko wangu kwa akina mama: kaeni mbele, watatu watatu, mmoja akisimama wawili wawe na madaftari mikononi. Anayesimama peke yake ananyamazishwa haraka.

Kwenye matumizi omba kuona hati za malipo na taarifa ya benki. Bei ya bati na saruji kila mtu anaijua dukani, kwa hiyo linganisheni palepale.

Hela ikishatumika, kuuliza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwapo wakati inapangwa. Hapa Kongwa tunaishi juu ya ushahidi wa hilo. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga nchi nzima ya hapa. Hawakuwauliza Wagogo, ambao wangewaambia kwamba mvua yetu haitabiriki na kwamba udongo huu ukikauka unakuwa kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizoletwa. Tulipopata uhuru tulitegemea kuulizwa, lakini mwaka 1972 serikali za mitaa zikafutwa na mipango ikahamia ofisi za mkoa. Miaka kumi baadaye ndipo sheria ile ya 1982 ilipozirudisha, na vyama vingi vikaja 1992. Baba yangu, aliyehamishiwa kijijini kwetu wakati wa Operesheni Dodoma ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, alizoea kuambiwa tu, na tabia hiyo tuliirithi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo vipaumbele vya kijiji hujadiliwa miezi kadhaa kabla, mara nyingi tukiwa shambani. Pangeni zamu: kila kitongoji kiwe na watu wawili wasiopalilia siku hiyo.

Taarifa ikikataliwa, andika barua fupi kwa mtendaji wa kata, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kimya kikizidi, barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, iwe na sahihi za watu wengi. Mkiona dalili ya rushwa, TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113.

Sisi sasa taarifa inabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kila robo mwaka. Wasioweza kusoma husomewa na mwanafunzi wa darasa la sita, kwa sauti, Jumapili watu wakitoka kanisani.