Kabla ya Kuingia Wodini: Ari Nayo Huandaliwa

Mwanafunzi wa udaktari anayetoka Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenda kuanza masomo ya wodini katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta hukumbuka koti jeupe na stetoskopu. Ari ya kazi huiacha ijitegemee, ilhali nayo yataka maandalizi.

Mwaka 2002 Wilmar Schaufeli, mwanasaikolojia wa Uholanzi, na wenzake walieleza kujituma kazini kwa mambo matatu: nguvu, kujitolea na kuzama katika kazi. Nguvu ni ya kwanza, nami naanza nayo. Kabla hujalipa nyumba ya bei nafuu Rongai, nje ya jiji, jumlisha kodi na nauli, kisha uhesabu saa utakazokwama kwenye matatu. Anayelala Ngumo, karibu na hospitali, hufika wodini kwa miguu, na usingizi anaoupata utamfaa kuliko kahawa. Kula kabla ya raundi ya madaktari kwa wagonjwa, hata kama ni chai na viazi vitamu tu. Huenda ukasimama hadi adhuhuri.

Kujitolea hakuji kwa kiapo. Amua mapema kwamba kila wiki utakuwa na mgonjwa mmoja unayemfuatilia kwa karibu. Kabla hujafungua faili lake, vuta kiti umuulize, “Mama, umeamkaje leo?” Halafu nyamaza. Faili litasema kwamba mgonjwa hali chakula vizuri. Yeye atakwambia anabakiza chakula ili mwanawe anayekuja kumwona apate cha kula, au kwamba hofu ya bili inamkosesha usingizi. Ukiyapeleka hayo kwenye raundi, umesaidia matibabu yake, na kesho utakuwa na sababu ya kuamka. Kwangu mimi, hili ndilo la kutangulizwa kuliko yote.

Ili uweze kuzama katika kazi, weka daftari dogo mfukoni na simu ndani ya begi. Basi.

Jiandae pia kwa masomo kukatika. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa 2024 siku 56. Kuwa na mpango wa kusoma usiotegemea wodi, pamoja na akiba ya kodi, maana mwenye nyumba hangoji mgomo uishe.

Mwisho, chagua mwenzako mmoja atakayekuuliza ukianza kukwepa wagonjwa au kukasirikia kila mtu, maana uchovu wa namna hiyo mwenyewe huuona akiwa amechelewa. Mwambie sasa, kabla ratiba ya zamu haijatoka, na umpe namba ya mtu wa nyumbani kwenu.