Mshale wa joto la gari unapodanganya: jinsi ya kumpata mwongo

Juzi niliingiziwa gereji hapa Malindi pikapu kuukuu, Hilux inayobeba chumvi kutoka Gongoni. Mshale wa joto umelala kwenye C (upande wa baridi) mwezi mzima. Mwenyewe ameshanunua dashibodi mbili za mitumba, zote hazikusaidia kitu. Nilipofungua sensa, kile kipimajoto kinachozama kwenye maji ya injini, nikakuta fundi aliyenitangulia ameizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, tena mizunguko kibao. Basi ndiyo hiyo! Sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia thredi zake zinazoshika chuma cha injini. Ukizifunika, umekata umeme.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, fuata njia hii.

1. Kwanza uamini mshale. Ukipanda H (upande wa moto) usiseme "hiyo waya tu". Simama, zima, acha ipoe. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, kwa kuwa maji ya ndani yako kwenye presha na yamepita nyuzi 100. Ukikilegeza yanakurukia usoni. Ikishapoa, tazama maji. Yakiwa yamepungua sana, sensa hubaki kwenye hewa, mshale unashuka huku hedi, kichwa cha injini, inaungua. Nimeona madereva wakifurahia mshale wa namna hiyo mpaka gasketi ikakatika.

2. Tazama geji ya mafuta ya tanki. Nayo imekufa? Anza na fyuzi, kisha umeme unaoingia dashibodi. Sensa iache.

3. Itafute sensa. Mara nyingi iko karibu na nyumba ya thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), pale mpira wa juu wa rejeta unapoanzia. Magari mengi ya zamani yana mbili: ya waya mmoja ni ya mshale, ya waya mbili ni ya kompyuta. Magari mapya mengi yana moja tu, na kompyuta ndiyo inayouambia mshale la kusema. Hayo usiyafanyie jaribio linalofuata. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta, ulinganishe joto inaloonyesha na la mshale.

4. Jaribio la waya. Chomoa waya wa sensa, washa swichi bila kupiga stata. Mshale ulale C. Ukibaki juu, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Sasa gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi: mshale upande kuelekea H. Mimi hupitishia balbu ndogo ya dashibodi katikati ili nisiichome geji, na nikiona unapanda tu, natoa. Ukipanda, geji na waya ni vizima. Shida ni sensa au ethi yake. Usipotikisika, waya umekatika au geji yenyewe imekufa.

Hapa pwani mimi huanza na waya. Hewa ya chumvi hupenya kwenye plagi, na ukimenya plastiki unakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Usiipake msasa ukaridhika. Kata, rudi nyuma mpaka uone shaba nyekundu inayong'aa, hata kama ni shubiri nzima, ndipo uunge.

5. Chemsha sensa. Ifungue injini ikiwa baridi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, pini ibaki juu, mita ya umeme ukiiweka kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme): ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye mwili wa sensa. Kadiri maji yanavyopata moto, omu zishuke taratibu. Zikirukaruka, au zikisimama palepale, itupe.

6. Sensa nzima, mshale bado chini? Muulize mwenye gari kama thamostati ipo. Mafundi wengi huing'oa eti Malindi kuna joto. Mimi sikubaliani nao: bila thamostati injini inachelewa kupata moto, na mafuta inakunywa zaidi. Ikiwepo na ikiwa nzima, mpira wa juu hukaa baridi kwa muda baada ya kuwasha, kisha unapata moto kwa ghafla, maana nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82. Mpira ukipata moto polepole tangu mwanzo, thamostati imekwama wazi.

Ukirudisha sensa usiweke tepu. Kama ina washa (pete) yake ya shaba, weka mpya. Paka grisi kidogo kwenye plagi, jaza maji, toa hewa. Kisha peleka gari hadi daraja la Sabaki na kurudi. Ile pikapu ilirudi mshale umetulia chini kidogo ya nusu, na zile dashibodi mbili bado ziko kwenye rafu yangu, zinatafuta mteja.