Jinsi ya kumwombea mtoto msaada wa masomo kanisani au msikitini, Bagamoyo

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo viliingizwa. Hata hivyo, kuna watoto wanaofaulu darasa la saba halafu wanabaki nyumbani kwa kukosa viatu, madaftari au godoro la bweni. Pengo hilo ndilo ambalo parokia, sharika na misikiti hujaribu kuliziba. Kazi hiyo si ngeni hapa: mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani wakawafundisha kusoma na ufundi.

Anza na cheti cha kuzaliwa, maana ndicho kinachowakwamisha wengi. Kama mtoto hana, omba RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya au mfumo wa eRITA, na kadi yake ya kliniki au cheti cha ubatizo uwe navyo. Usingoje Desemba. Kwa yatima, tafuta na cheti cha kifo cha mzazi. Kisha pata barua ya serikali ya mtaa au kijiji yenye muhuri. Na kama unalea mtoto asiye wako, mwone afisa ustawi wa jamii akuandikie utambulisho.

Sasa barua ya maombi. Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapopotezewa nafasi. "Naomba msaada wowote" haimwambii anayegawa chochote. Kuomba ada ya shule ya serikali nako ni kuomba kisichodaiwa. Taja kitu kwa jina lake, hivi:

"Mjukuu wangu amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Sketi na shati anazo, ameachiwa na dada yake. Anachokosa ni viatu vyeusi, begi, kauntabuku nane na nauli ya kutoka Mlingotini hadi shuleni."

Ambatisha maelekezo ya kujiunga kutoka shuleni na bei ulizoziulizia dukani. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, sema wazi.

Mkatoliki apitie kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, anayeijua nyumba yake, ndipo barua ifike parokiani. Mlutheri amwone mzee wa kanisa. Muislamu aende kwa imamu au kamati ya msikiti, au ofisi ya wilaya ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Zaka wengi huitoa Ramadhani, na mafukara na masikini ndio wa kwanza kutajwa kati ya makundi manane yanayostahili, kwa hiyo peleka barua tangu Shaaban. Ukiwa wa dini nyingine, piga hodi vilevile uulize.

Tegemea wajumbe kuja nyumbani. Usihamishe vyombo ili mwonekane maskini zaidi, waonyeshe mnavyoishi. Mtoto awepo, aulizwe anapenda somo gani, lakini asilazimishwe kusimulia msiba wake mbele ya wageni. Wakitaka kumpiga picha, uliza itatumika wapi. Una haki ya kukataa. Na asitumwe peke yake kufuatilia majibu kwa mtu yeyote, hata awe anaheshimika vipi. Akitokea anayekuuzia fomu au kudai "chai" ili jina lipite, usitoe, mwone padre, mchungaji au imamu mwenyewe.

Ukipewa fedha, tunza risiti, na kila muhula peleka ripoti ya shule kwa waliotoa. Mwaka ukiisha, uliza kama unatakiwa kuomba upya. Wengi hudhani msaada unaendelea wenyewe.

Kama una binti aliyeacha shule kwa ujauzito, serikali iliruhusu kurejea tangu Novemba 2021. Andika jina lake kwenye barua pamoja na la mdogo wake, na umweleze mjumbe ni nani atakayebaki na mtoto wa binti huyo saa za masomo.