Kutenganisha stempu za Wilding kwa alama ya maji

Stempu ndogo za Uingereza zenye picha ya Malkia Elizabeth II iliyopigwa na Dorothy Wilding, zilizoanza kutolewa Desemba 1952, hufanana mno kwa mbele, hivyo anayezipanga kwa rangi na bei tu atachanganya aina ambazo thamani zake hupishana sana. Ilaze stempu kifudifudi juu ya kitu cheusi, kisha uitazame kwa mwanga wa upande ili uione alama ya maji, yaani mchoro hafifu uliomo ndani ya karatasi yenyewe. Taji lenye kilele cha mviringo, pamoja na herufi E2R (ufupisho wa jina na cheo cha Malkia), ni la aina iitwayo Tudor. Taji ambalo matao yake yamebonyea katikati, likiwa na herufi hizohizo, ni la Mtakatifu Edward, lililofuata mwaka 1955. Na mataji matupu yasiyo na herufi ni ya kuanzia 1958. Mistari myeusi ya wima mgongoni si uchafu, bali ni grafiti (kaboni nyeusi kama ya penseli) iliyowekwa tangu 1957 kwa majaribio ya mashine za kuchambulia barua huko Southampton. Muhuri wa posta nao husaidia, ila kwa upande mmoja: tarehe ya 1953 huondoa kabisa uwezekano wa taji la Mtakatifu Edward, lakini tarehe ya 1960 haithibitishi chochote, kwa kuwa watu waliendelea kubandika stempu za zamani.