Kukunja upindo mwembamba kwa mguu maalumu wa cherehani

Upindo mwembamba wa shela, wa skafu ya shifoni au wa sketi ya duara hauonekani kuwa kazi kubwa mpaka mtu akae chini na kuukunja kwa vidole. Sketi ya duara kamili yenye kiuno cha sentimita 70 na urefu wa sentimita 60 ina mzunguko wa chini unaokaribia sentimita 447, na ukingo wote huo hauna budi kukunjwa mara mbili ili nyuzi zake zisifumuke. Anayekunja kwa pasi na pini humaliza muda mwingi na huenda akaunguza ncha za vidole, ilhali anayetumia mguu wa kukunjia upindo hukunja na kushona kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, wengi hununua mguu huu, wakaujaribu mara mbili, kisha wakautupa kwenye kopo la vifungo wakidai kuwa haufanyi kazi. Kwa ninavyoona, wanachokosa ni kuelewa mgawanyo wa kazi: mguu unakunja tu, na jukumu la kuulisha kitambaa kwa kiasi kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho ni la mkono wako.

Jinsi mguu unavyofanya kazi

Mguu huu hutambulika kwa kipande cha chuma kilichojiviringisha mbele yake mfano wa gamba la konokono, nami nitakiita konokono katika maelezo yote yanayofuata. Ukingo wa kitambaa huingia ndani ya konokono ukiwa umesimama, hupindwa kuelekea kushoto, hupindwa tena juu yake wenyewe, na unapofika chini ya sindano huwa tayari umekunjwa mara mbili, huku ncha yenye nyuzi ikiwa imefichwa ndani. Ugeuze mguu uone chini yake: kuna mfereji mwembamba unaoanzia karibu na tundu la sindano na kuelekea nyuma. Upindo uliokwisha kukunjwa hupita humo bila kubanwa, na upana wa mfereji huo ndio upana wa upindo utakaoupata.

Kuchagua kipimo

Vipimo vinavyopatikana kwa wingi ni vya milimita 2, 3, 4 na 6. Milimita 2 hufaa vitambaa vyepesi sana kama shifoni, voili na hariri nyembamba. Milimita 3 au 4 hufaa pamba nyepesi, satini na krepu. Milimita 6 hufaa poplini ya shati na vitambaa vya uzito wa kati. Jinzi, sufu nene na vitambaa vinavyovutika havikubali mguu huu, na hakuna ujanja utakaovilazimisha. Hivyo vipigiwe ovaloki au vikunjwe kwa njia nyingine. Kwa anayenunua mguu mmoja tu, ningemshauri aanze na wa milimita 4, kwa sababu konokono lake ni pana kiasi cha kumsamehe mwanafunzi, ilhali ule wa milimita 2 humwadhibu kwa kila kosa.

Unapokata kitambaa, acha nyongeza ambayo ni mara mbili ya upana wa upindo na chembe kidogo juu yake: kwa mguu wa milimita 3, milimita 6 hadi 7 zinatosha. Usiache zaidi ya hapo kwa nia ya kujihadhari, kwa maana ziada hiyo haitasaidia chochote ila itakuongezea upindo mahali usipoutaka.

Kabla ya kununua, hakikisha pia kwamba mguu unalingana na cherehani yako. Shusha mguu uliopo, kisha pima kutoka kwenye bati la chini ya sindano hadi katikati ya skrubu inayoushikilia. Cherehani nyingi za nyumbani zina kiunga (sehemu ambapo mguu hufungwa) kifupi, ambapo umbali huo ni takribani sentimita 2, na nyingine zina kiunga kirefu zaidi. Mguu wa aina moja hautakaa sawasawa kwenye nyingine.

Kuandaa ukingo

Mguu huu hauvumilii ukingo uliokatwa kwa meno ya panya. Kwa kitambaa kilichofumwa wazi na kinachokatwa kwa mstari ulionyooka, chomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka upande hadi upande, kisha kata kwa mkasi mkali ukifuata njia iliyoachwa na uzi huo. Nyuzi ndogo zinazoning'inia zikatwe zote, kwa kuwa uzi mmoja unaonasa kwenye konokono hutosha kuvuruga mkunjo kwa urefu wa sentimita kadhaa. Shifoni na hariri zinazoteleza zinyunyizie wanga mwepesi na kuzipiga pasi ya moto unaozifaa. Zitasimama kama karatasi kwa muda wa kazi, na wanga utatoka zitakapofuliwa.

Tumia sindano mpya na nyembamba. Namba ya sindano huonyesha unene wake kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo sindano ya 70 ina unene wa milimita 0.7, na hiyo, au ya 60 kwa shifoni, ndiyo inayofaa hapa. Sindano ya 90 iliyobaki kutoka kazi ya jana itatoboa matundu yanayoonekana na kuvuta nyuzi. Uzi uwe mwembamba, juu na kwenye bobini, na urefu wa mshono uwe milimita 2 hadi 2.5. Kama cherehani yako ina bati lenye tundu dogo la mshono ulionyooka, lifunge, kwa sababu tundu pana la zigizaga hupenda kumeza mwanzo wa vitambaa vyepesi. Baada ya kufunga mguu, zungusha gurudumu kwa mkono mara moja na uhakikishe sindano inashuka katikati ya tundu la mguu bila kugusa chuma.

Kuanza

Sentimita 2 za kwanza ndizo zinazowashinda wengi, kwa sababu konokono haliwezi kukunja kitambaa ambacho halijakishika. Njia ninayoitumia kila siku ni hii.

Laza kitambaa upande wa ndani ukitazama juu. Kunja ukingo mara mbili kwa vidole kwa urefu wa sentimita 3 hadi 5, kwa upana uleule wa mfereji wa mguu, na uupige pasi. Weka mwanzo huo chini ya mguu kana kwamba konokono halipo, shusha mguu, na ushone mapigo manne au matano ya sindano ukiwa umeshika ncha za nyuzi mbili nyuma ya mguu, kwani zikiachwa huru kitambaa huzama kwenye meno yanayokisukuma chini ya mguu. Simamisha cherehani sindano ikiwa chini, ndani ya kitambaa. Sasa inua mguu.

Hapa ndipo panapotaka utulivu. Shika ukingo ulio mbele ya mguu kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, ufumue mkunjo ulioupiga pasi kidogo tu, kisha uingize ukingo ndani ya konokono kutoka mbele, ukiutikisa kulia na kushoto kama unayefunga zipu ngumu, mpaka uone umejaza mviringo wote. Shusha mguu, vuta taratibu nyuzi za nyuma kwa mkono wa kushoto, na ushone polepole. Ukiona mapigo matatu yamepita na upindo unatoka nyuma ukiwa wa mviringo na bila nyuzi pembeni, umeshapita sehemu ngumu kuliko zote.

Kitambaa kikiwa chepesi kiasi cha kutoshikika, shonea kipande chakavu cha kitambaa hichohicho kwenye mwanzo wa ukingo, uanzie kwenye kipande hicho, na ukikate baadaye.

Kulisha kitambaa

Mkono wa kulia ushike ukingo sentimita 3 hivi mbele ya konokono, ukiuinua kidogo ili usimame wima, na ulingane na upande wa kulia wa mguu. Mkono wa kushoto uwe umelaza sehemu kubwa ya kitambaa mezani bila kuivuta. Macho yasitazame sindano. Yatazame mdomo wa konokono, kwa sababu kosa linaloonekana kwenye sindano lilikwisha tendeka mdomoni.

Kitambaa kinapoingia kwa kiasi sahihi, hujaza mviringo wa konokono na ukingo wake huonekana umelala ndani bila kupita. Kikipungua, upindo hutoka umekunjwa mara moja tu na nyuzi zikiwa nje. Peleka kitambaa kulia kidogo. Kikizidi, utaona mkunjo wa tatu ukijitokeza upande wa kushoto wa mshono au konokono likisongwa na kitambaa, rudisha kushoto. Nasisitiza neno kidogo: unene wa uzi mmoja au miwili unatosha, na anayesahihisha kwa nguvu hujikuta akiyumba kutoka kosa moja hadi jingine kama mlevi barabarani.

Usishone kwa kasi unayoizoea. Nilipokuwa mgeni wa mguu huu nilimaliza shela nzima kwa haraka, nikaipiga pasi, ikapendeza, nikamkabidhi mwenyewe. Baada ya kuifua mara moja aliirudisha ikiwa na sehemu nne ambazo ukingo ulichomoka. Mshono ulikuwepo, ila haukuwa umeshika mkunjo wa ndani. Tangu siku hiyo, kila baada ya sentimita 20 nasimama sindano ikiwa chini na kugeuza kitambaa nione upande wa nje.

Kona na makutano ya mishono

Kwa skafu ya pembe nne, maliza kwanza pande mbili zinazotazamana, kisha ndipo ushughulikie nyingine mbili. Kabla ya kuanza upande wa tatu, kata pembetatu ndogo sana kwenye kila kona ili kupunguza unene wa upindo uliokwisha kushonwa, kisha pitisha uzi wa sindano ya mkono kwenye ncha ya kona na uache mikia mirefu. Mikia hiyo ndiyo utakayoishika na kuivuta nyuma ya mguu, nayo itaiongoza kona iingie badala ya kujikunyata chini ya meno. Hata kwa mkono uliozoea, kona moja katika nne huwa si nzuri kama nyingine. Nifanyavyo mimi ni kuifumua na kuimalizia kwa mkono.

Mshono wa ubavuni unapokutana na upindo huleta uvimbe ambao konokono haliwezi kuumeza. Punguza nyongeza ya mshono huo kwa kuikata mshazari katika sentimita ya mwisho, na uilaze kwa pasi. Ikiwa bado ni nene, simama sentimita 2 kabla ya kuifikia, acha nafasi, anza tena upande wa pili, na uje kufunga pengo kwa mguu wa kawaida. Njia bora zaidi, pale mtindo unaporuhusu, ni kukunja upindo kabla ya kufunga mshono wa mwisho wa ubavuni.

Kingo za duara

Sketi ya duara iliyokwisha kushonwa kiunoni itundikwe usiku mzima kabla ya kusawazishwa, kwa sababu sehemu zilizokatwa mshazari hurefuka kwa uzito wake. Kisha piga mshono mmoja milimita 3 kutoka ukingoni. Utazuia ukingo kuvutika, na utafichwa ndani ya mkunjo.

Kwa duara, upindo mwembamba si suala la urembo peke yake. Unapokunja mara mbili, ukingo wa nje hulazimika kukaa kwenye mduara mfupi kuliko ule uliokatwa. Kwa upindo wa milimita 6 ziada hiyo ni karibu sentimita 7.5, na kwa upindo wa milimita 2 ni sentimita 2.5 tu, hata duara liwe kubwa au dogo kiasi gani. Kwenye sketi yenye mzunguko wa mita 4 na nusu, ziada husambaa bila kuonekana. Kwenye kitambaa cha duara cha kufunikia sahani, chenye mzunguko wa sentimita 90 hivi, sentimita 7.5 zitakuwa mikunjo mibaya kila mahali, kwa hiyo hapo tumia mguu wa milimita 2 au usiutumie kabisa. Katika kushona, usivute ukingo uliopinda hata kidogo. Ukivutwa unarefuka, na upindo utatoka ukiwa na mawimbi ambayo pasi haiyaondoi.

Kumalizia

Piga pasi kwa kuishusha na kuinua, si kwa kuiburuta, upande wa ndani ukiwa juu. Kisha shika upindo kwenye mwanga na uupitishe kati ya vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Vidole hugundua mahali palipokunjwa mara moja upesi kuliko macho. Ukipata sehemu hiyo, fumua sentimita 2 kila upande wake, kunja kwa pini, na ushone kwa mguu wa kawaida ukipitisha mapigo machache juu ya mshono wa zamani. Usijaribu kuirudisha kwenye konokono katikati ya upindo, kwa sababu litaikamata kwa upana tofauti na kiraka hicho kitaonekana.