Makala 400 kwenye simu ndogo: namna ya kusanifu tovuti isiyomchosha msomaji

Usanifu nilijifunzia Nasser Road, Kampala, kwenye kalenda na kadi za harusi, ambako mteja akiona sehemu nyeupe anadhani amepunjwa. Tovuti zenye makala mengi zina tatizo hilohilo: kila kitu kinataka kukaa mbele. Mfano wangu hapa ni tovuti ya kilimo cha kahawa ninayoihudumia. Ina makala kama 400. Wasomaji wake wako Mbale, Sironko na Kapchorwa, wengine Bungoma ng'ambo ya mpaka, na karibu wote wanasoma kwa simu.

Usianze na ukurasa wa mbele. Wenye tovuti wanaupenda kwa sababu ndio wanaowaonyesha wageni, lakini msomaji hapiti mlango huo. Jirani kamtumia kiungo kwa WhatsApp, kabonyeza, katua moja kwa moja kwenye makala ya kutu ya majani. Basi sanifu kwanza ukurasa wa makala, umalize, ndipo uhamie kwingine. Unahitaji kichwa, tarehe, maandishi, na mwishoni viungo vitatu vya makala ya mada hiyohiyo. Safu ya pembeni iondoe kabisa. Kwenye simu huporomoka hadi chini kusikofikiwa na mtu, na bado msomaji ameilipia bando.

Sasa maandishi, na hapa usifanye haraka. Weka ukubwa wa pikseli 17 au 18, na nafasi kati ya mistari iwe mara 1.6 ya ukubwa huo. Kwenye kompyuta, zuia mstari usipite herufi 65 hivi. Ukiandika max-width: 34em kwenye CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa ukurasa, utakuwa karibu na hapo. Tumia fonti iliyomo kwenye simu tayari, yaani system-ui. Fonti ya kupakua inaongeza makumi ya kilobaiti kwa kila faili, na mkulima anayetaka kujua dawa ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, hajali mkia wa herufi g umepindaje.

Vichwa vya Kiswahili vina tabia yao. Mandhari nyingi za kununua (themes, yaani sura za tovuti zilizotengenezwa tayari) zimepimwa kwa maneno mafupi, zikaweka kichwa cha pikseli 40. Jaribu kuingiza humo “yanayoshughulikiwa” kwenye simu ya upana wa pikseli 360: neno moja linatoka nje ya kioo na ukurasa mzima unaanza kuyumba kushoto na kulia. Unaweza kuandika overflow-wrap: anywhere, lakini amri hiyo hukata neno popote bila kujali silabi. Mimi hushusha kichwa hadi pikseli 26, kisha namwomba mhariri afupishe. Mara nyingi “Namna bora ya kukabiliana na changamoto ya” inaweza kufutwa yote na kichwa kikabaki na maana yake.

Rangi: maandishi meusi au karibu na meusi, mandharinyuma meupe, na rangi moja ya viungo. Kijivu chepesi ndicho kinachowaponza wasanifu wengi. Kijivu chenye namba #999 juu ya nyeupe kina utofauti wa mwanga wa 2.85 kwa 1, wakati kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Kijivu cha #767676 ndicho kinavuka kwa shida. Ofisini huoni kasoro. Shambani saa sita mchana, tarehe na majina ya picha hayaonekani kabisa.

Picha zinazojigeuza zenyewe ziondoe, sina la kuzitetea. Tangu 2021 bando hapa Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kila picha unayoweka ina bei, na anayeilipa si wewe. Punguza upana hadi pikseli 800, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, na weka loading="lazy" kwa zilizo chini, ili zipakuliwe msomaji anapozikaribia. Katika makala ya magonjwa picha ya jani iache kubwa na safi, kwani ndiyo iliyomleta msomaji. Picha ya watu wanaopeana mikono kwenye semina inaweza kungoja.

Baada ya hapo ndipo ujenge njia za kupata makala. Makundi yafuate maswali ya mkulima: Miche, Magonjwa, Kuvuna na kukausha, Bei. Yaandike juu kama maneno, usiyafiche nyuma ya vile vistari vitatu vya menyu. Mzee mmoja wa kikundi cha wakulima aliviona akaniuliza, “Mwanangu, hii ni alama ya nini?” Kisha tengeneza ukurasa mmoja wenye vichwa vyote 400 chini ya makundi yake, maandishi matupu. Hata ukiwa mrefu hivyo, haufikii uzito wa picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu. Ukurasa unaojiongeza bila mwisho usiuweke: unakula data, na aliyeona kitu jana hawezi kukirudia leo.

Ukurasa wa mbele unabaki kazi ya nusu saa: makala matano mapya, makundi, kisanduku cha kutafutia.

Mwisho, azima simu ya bei ya chini yenye kivinjari cha Opera Mini na ufungue tovuti nje juani. Menyu inayotegemea JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya ukurasa, huenda isifunguke humo. Mpe mtu asiyekujua atafute makala ya kukausha kahawa, nawe ukae kimya. Kidole chake kikisita, andika mahali hapo, ukaanze kurekebisha.