Somo: Kuua bakteria wa maji kwa jua, na unga wa titani unaingia wapi

Wakuu, mmeulizia sana zile chembe za nano zinazoua bakteria zikipigwa na mwanga. Inayosifika zaidi ni titani dioksidi, weupe uleule wa rangi za ukutani, ila punje zake ni ndogo kupindukia, nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikiipiga, elektroni hung'oka, na kwenye maji yenye oksijeni huzaliwa radikali, yaani molekuli kali zinazoshambulia zilicho karibu nazo, zinazotoboa ngozi ya bakteria. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake huko Japani walionyesha kwamba inaua hata hamira.

Kwa maji ya nyumbani lakini, mimi nasema anza na jua tupu.

1. Tafuta chupa ya plastiki ya maji ya dukani, isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Bandua lebo. Iliyochakaa kwa mikwaruzo usiitumie.

2. Pima uangavu. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, chungulia kupitia mdomoni. Vichwa vya habari visiposomeka, acha tope litulie, chuja kwa kitambaa, pima tena. Msiruke hatua hii, maana bakteria aliyejificha nyuma ya tope hafikiwi na mwanga, hata chupa ishinde juani.

3. Jaza robo tatu, funga, tikisa sekunde 20, kisha jazia. Oksijeni inasaidia kuua.

4. Laza juu ya bati kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, siku 2 mfululizo. Mvua ya kutwa? Chemsha tu.

5. Hifadhi kwenye chupa ileile.

MASWALI

Mwalimu, nikinunua unga wa titani niutie humo?
Hapana, ndugu yangu. Punje zinapenya kitambaa, utazinywa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 2022. Wataalamu huigandisha kwenye kioo au kuta za mrija, maji yakapita juu yake.

Taa ya sebuleni haitoshi?
Kwa titani ya kawaida, haitoshi. Inataka miale ya chini ya nanomita 390 hivi, na taa hizo karibu hazina. Ndiyo maana watafiti huichanganya na nitrojeni au fedha, ikubali mwanga tunaouona.

Mkuu, hii ya chupa imejaribiwa kwa watu au ni nadharia?
Imejaribiwa hapa hapa Kenya, Kajiado, kwa watoto wa Kimaasai. Matokeo yalichapishwa 1996. Waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao ambao chupa zao zilikaa ndani. Tofauti haikuwa kubwa ya kutisha, lakini ilikuwepo.

Niko Arusha, maji yetu yana floridi. Jua litaitoa?
Halitaigusa. Floridi ni madini yaliyoyeyuka majini, si kiumbe, haifi. Tafuta chujio la mkaa wa mifupa, kisha ndipo uanike chupa.